Ng'ombe Kumi na Mmoja

Kwa watu wa Mkonze, kumhesabia mtu ng'ombe wake kwa kidole, mwenyewe akiwa amesimama pale pale, ni kama kuingia chumbani kwake na kufunua godoro. Haifanywi. Hata mwenye mali hahesabu. Huwatazama tu jioni wakiingia zizini, na kama yupo aliyebaki porini, moyo wake humwambia. Lakini Castory alikuwa mgeni. Kwao Bukoba utajiri ni migomba, na mgomba hauoni haya ukihesabiwa. Alikuwa na miezi minne tu kama afisa mtendaji wa kijiji, na mkononi alishika fomu yenye kisanduku kilichodai namba. Basi asubuhi ile ya Januari, mwaka wa tisini na nne, alisimama mlangoni pa zizi la Gerson, akanyoosha kalamu na kuwahesabu mmoja mmoja kwa sauti, huku matope yakimpanda viatuni.

"Kumi na mmoja," akasema, na akaandika.

Ruthu, mke wa Gerson, alikuwa amegeukia ukuta wa tembe tangu hesabu ilipofika watatu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Yotham, aliyekuja kuwa shahidi, alizikazia macho katambuga zake utadhani amezivaa leo. Gerson peke yake ndiye aliyetazama mbele. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miaka hamsini na ushei, na alisimama na fimbo yake begani kama asimamavyo kila siku anapoamkiwa na wapita njia: mwenye zizi.

Castory alieleza jambo lake kwa adabu. Alikuwa kijana mwema, na ni vizuri hili lijulikane mapema, maana ubaya wa habari hii haukutoka kwake. Alisema waraka umeshuka kutoka mjini: watoto wa wazazi wasiojiweza waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza watalipiwa nusu ya ada. Erica, binti wa nyumba ile, ndiye mtoto pekee wa Mkonze aliyechaguliwa mwaka huo, kwa hiyo nafasi ya kijiji ni kama ilikuwa imekaa inamsubiri yeye. Ila waraka una sharti. Mzazi mwenye ng'ombe zaidi ya wanne anahesabiwa kuwa anajiweza, na fomu zinafungwa Jumatatu ya wiki inayofuata.

"Samahani, mzee wangu," Castory akasema. "Macho yangu yameona kumi na mmoja, siwezi kuandika vingine. Labda kama kuna neno."

Neno lilikuwepo. Kati ya wale kumi na mmoja, ng'ombe wa Gerson walikuwa wawili. Lakini hakulisema. Alimshukuru mtendaji kwa kukubali kuchafua viatu vyake, akawasindikiza wageni mpaka njiani, akarudi na kuanza kuzibua mfereji wa maji ya mvua kama vile hakuna kilichotokea.

 

Wale tisa walikuwa wa Thobias. Tangu zamani Wagogo hawalazi ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au ukame, usije ukamaliza mali yote kwa mkupuo. Mtu humpelekea mwenzake anayemwamini, bila maandishi. Mlishaji anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba lake, na wakizaa vizuri hupewa mtamba mmoja wa shukrani, jike ambaye hajazaa bado. Yeye kazi yake ni kulisha na kufunga mdomo. Ng'ombe anayelala kwako anaitwa wako, na atakayekuuliza ni wa nani amekutukana.

Gerson na Thobias walitiwa jandoni siku moja, jambo ambalo huku ni undugu mkubwa kuliko ule wa tumbo. Thobias alisoma, akawa mtunza bohari katika idara moja ya serikali, akajenga Ipagala, mjini. Mwaka juzi serikali ilipoambiwa ipunguze watumishi, naye alipunguzwa. Wenzake wengi walirudi makwao na masanduku ya bati wakiwa hawajui pa kuanzia. Thobias alikuwa mjanja zaidi. Kiinua mgongo chake kilinunua mashine ya kusaga kwa jina la mke wake, Anastazia, na vyumba vitatu vya kupangisha kwa jina la dada yake. Kwenye karatasi hakuwa na hata jogoo.

Na tuseme kweli, Gerson naye alikuwa ameonja utamu wa ng'ombe wasio wake. Kwenye mikutano ya kijiji wenzake walikaa chini, yeye aliletewa kiti. Ulipokuja mchango wa darasa, uliotozwa kwa kichwa cha ng'ombe, alilipa vichwa kumi na kimoja kuliko kufungua mdomo. Mwaka ule Ruthu aliuza karanga za mbegu na vitenge viwili vipya vya sandukuni ili mumewe aendelee kukaa kwenye kiti.

Siku hizo angalau zabibu zilikuwa zinalipa. Gerson alikuwa na nusu eka ya mizabibu, na kila msimu lori la kiwanda lilikuwa likija kuchukua. Mwezi wa Agosti uliopita lori halikuja. Watu waliambiwa soko sasa ni huria, kila mtu atafute mnunuzi wake, na wao walitafuta: walipanga mabeseni kando ya barabara ya Iringa, zabibu zikachachuka kwa jua, nyuki wakawa ndio wateja wakubwa. Ada ya Erica ilikuwa imechachuka humo.

Jioni hiyo, baada ya Castory kuondoka, Ruthu alimfuata mumewe zizini alipokuwa akikamua. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, ila akianza humaliza.

"Baba Erica, mwambie mtendaji ni wa nani, au nimwambie mimi."

"Ukisema wewe nimesema mimi," Gerson akajibu. "Mtu akishasema ng'ombe wa mwenzake, hata mbuzi hapewi tena. Wala mwanawe haolewi na mtu wa maana."

"Nguo ya kuazima haisitiri."

Methali ile anaijua kila mtu mpaka mwisho wake, na ilimkaa Gerson pabaya. Alisema watauza mmoja wa wale wao. Ruthu akacheka kicheko kifupi, kisicho na furaha.

"Ada ya mwaka na makorokoro yake ni ng'ombe mzima. Shule ni miaka minne, ng'ombe ni wawili, na mmoja ndiye anayetunyonyesha. Wakitulipia nusu, nusu nyingine nitaitafuta mimi kwa karanga na kuku. Hiyo naiweza. Nzima siiwezi."

Walikubaliana jambo moja. Gerson aende Ipagala kwa Thobias, wazungumze kiutu uzima.

 

Alikwenda kwa miguu, amevaa koti la kanisani. Mashine ya Thobias ilikuwa ikinguruma na foleni ya wanawake wenye ndoo za mahindi ilifika barabarani. Anastazia alimwambia shemeji asubiri kidogo, bwana ana kazi na fundi. Gerson akasubiri saa nzima karibu na magunia, mpaka koti likawa jeupe begani kwa vumbi la unga. Alipojipangusa, vumbi liliingia ndani zaidi ya kitambaa.

Thobias alipotoka alimkumbatia kwa furaha ya kweli, nampa haki yake, na akamwagizia soda. Gerson alianza kwa mbali kama inavyotakiwa: mvua, malisho, hali ya kila ng'ombe kwa rangi yake. Kisha akamweleza habari za Erica, waraka na kalamu ya Castory. Aliomba mawili. Kwanza, mtamba wake wa shukrani, kwani miaka sita iliyopita ng'ombe walikuja wanne na sasa ni tisa. Pili, Thobias aende mwenyewe kwa mtendaji, kimya kimya, akaseme mali ni yake.

Thobias alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. Alisema wanaoumia siku hizi ni watu wa mjini. Shilingi ikishuka leo, kesho dizeli imepanda, na watu wanaosaga ni wale wale na bei wanataka ile ile. Mtamba atampa, kwa nini asimpe, ila wasubiri mvua ziishe. Hilo la pili ndilo alilopunguza sauti kulijibu.

"Jina likiandikwa halifutiki, ndugu yangu. Leo wanakuandika wakusaidie, kesho wanakuandika wakutoze. Wewe tayari umo kwenye mifugo, umezoea. Mimi niache hivi hivi."

Kisha akasimama, akachota unga kwenye pipa la mashine, kilo nne hivi, akautia mfuko wa nailoni na kuufunga fundo. Akasema ampelekee shemeji. Wanawake wa foleni waligeuka kutazama. Ndivyo Gerson, mwenye zizi, alivyopita mbele ya ndoo zao na unga wa sadaka mkononi, akiwa hana pa kuuficha kwa sababu mifuko ya koti la kanisani ni midogo.

Nyumbani Ruthu aliutazama ule mfuko, akauliza kama huyo ndiye mtamba. Ruthu aliutundika kwenye msumari ukutani na akasema hautapikwa. Jioni ile walikula ugali wa uwele na mlenda kama kawaida, na unga mweupe uliwaangalia toka ukutani.

 

Jumatano Erica alikwenda mjini kuchukua fomu zake za kujiunga na shule. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mwenye sauti ya chini, na tabia ya kunakili kila anachosoma. Hakujua siri ya zizi. Ng'ombe wale aliwachunga likizo zote tangu ana miaka tisa, na kwake walikuwa ng'ombe wa nyumbani. Alijua tu kwamba ameambiwa baba yake anajiweza, na kwa kuwa alimwona baba yake hajiwezi, alikuwa anashindwa kuelewa ni nani aliyekosea hesabu.

Ukutani mwa ofisi alikuta orodha ya waliokwisha kupewa nafuu, akainakili yote kwenye daftari. Jioni aliisoma mbele ya baba na mama kwa sababu kulikuwa na jina wanalolijua. Fredy, mtoto wa baba mdogo Thobias.

"Sababu ya nafuu," Erica akasoma. "Mzazi amepunguzwa kazini. Hana mifugo, hana shamba, hana biashara."

Ungo wa Ruthu ukasimama hewani.

"Soma tena," Gerson akasema.

Erica akasoma tena. Akaongeza kwamba kumbe baba mdogo amepata shida kiasi hicho na wao hawana habari, pengine wangempelekea hata maziwa. Gerson aliinuka, akatoka nje, akaenda kuegemea boma la miiba.

Alikuwa na hasira, lakini aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Miaka sita alijivunia mdomo wake uliofungwa. Alidhani analinda heshima ya mwenzake, na kumbe kimya chake kilikuwa kimegeuzwa karatasi, karatasi imepigwa muhuri, na muhuri umeleta pesa za serikali Ipagala. Yeye amebebeshwa utajiri wa Thobias, na Thobias ameuchukua umaskini wa Gerson, ameenda nao mjini na kuupatia faida. Hata umaskini, kumbe, unahitaji mjuzi wa kuutumia.

Ruthu alikuja akasimama karibu yake. Alitegemea atamkuta mtu aliyevunjika, na alishangaa kuona amenyooka.

"Sitasema kitu," Gerson akamwambia. "Nitawarudisha."

Mila iliyomfunga mdomo ilikuwa imemwachia mlango huo. Mlishaji anaweza kurudisha ng'ombe siku yoyote apendayo, mchana, na mwenye mali huwapokea kwa kuwahesabu kwa sauti ili pasibaki lawama. Hufanywa mara chache kwa sababu ukifanya hivyo umekata undugu. Ruthu alilijua hilo, na alijua mengine: samadi ya mizabibu imekwisha, maziwa ya kuuza yamekwisha.

"Na kiti?" akauliza.

"Nitakaa chini na wenzangu."

Ruthu aliushika mkono wa mumewe, kitu ambacho hawakuwa wakikifanya nje ya nyumba, na wakakaa hivyo mpaka mbu wakawafukuza.

 

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Gerson alitangulia, ng'ombe tisa wakafuata, Ruthu amevaa kitenge cha ibada na mfuko wa unga kichwani, Erica nyuma na fimbo. Watu wa Mkonze walitoka nje ya nyumba zao. Hakuna aliyeuliza, maana hawaulizi, lakini kila mtu alielewa, na ninavyofikiri wengi walikuwa wameelewa miaka yote. Mzee Yotham alisimama mlangoni kwake. Aliwasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akavua kofia, na hakuivaa mpaka ng'ombe wa mwisho alipopita.

"Baba, tunawapeleka mnadani?" Erica akauliza walipofika barabara kubwa.

"Tunawarudisha."

Msichana akatembea. Alikuwa na akili, na hatua mia mbili zilimtosha.

"Kumbe tulikuwa na wawili tu."

"Wawili tu," Gerson akajibu. Hilo ndilo neno alilokuwa akiliogopa kwa miaka sita, na sasa lilipomtoka mbele ya mtoto wake alijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Mjini trafiki alisimamisha magari. Wengine walipiga honi, mmoja alitoa kichwa dirishani akauliza bei, na mama mmoja mwenye mwavuli akasema washamba hawa wanatuletea kinyesi kwenye lami. Ruthu alimgeukia na kumsalimia vizuri, hujambo mama, mpaka yule mama akalazimika kuitikia.

Jumamosi ni siku ya kusaga. Foleni ya Ipagala ilikuwa ndefu kuliko siku zote, na ndani yake, akiwa na ndoo yake kama watu wengine, alikuwemo Emilia, mwenyekiti wa mtaa. Ng'ombe wakasambaa mbele ya mashine wakilamba unga ulioanguka. Thobias alitoka na kalamu ya risasi sikioni, akaona, na kwa muda mfupi uso wake haukujua uvae nini.

"Vipi tena, ndugu yangu?"

"Nimekuletea amana yako. Hesabu."

Thobias alicheka kwa sauti ili watu waone ni utani. Akasema mjini hawaruhusu ng'ombe, Gerson analijua hilo vizuri. Gerson akasema analijua. Thobias akamshika mkono, akamvuta kando ya pipa la maji, na hapo akaacha kucheka.

"Chukua mitamba wawili, siyo mmoja. Na ada ya Erica naibeba mimi, miaka yote minne. Warudishe hawa nyumbani sasa hivi, tuseme ulikuwa unawapitisha kwenda kuogeshwa."

Usimhukumu haraka Gerson kwa kukaa kimya kwa muda aliokaa. Miaka minne ya ada ilikuwa imesimama mbele yake, imevaa shati safi, inanong'ona. Angesema ndiyo, na mtoto angesoma, na kiti kingekuwepo. Alimtazama Erica, aliyekuwa akimzuia dume asiingie kwenye ndoo za watu. Alimtazama Ruthu.

Ruthu hakuwa amesikia maneno, lakini alimjua mumewe na alimjua shemeji yake. Aliushusha ule mfuko wa nailoni kutoka kichwani, akaenda nao mpaka kwenye benchi la mashine na kuuweka hapo mbele ya Anastazia, na fundo lake bado limefungwa kama lilivyotoka. Akasema asante, kwetu tunacho.

Gerson akautoa mkono wake kwenye mkono wa Thobias.

"Hesabu," akasema.

Thobias alihesabu kwa macho. Gerson akangoja. Mila inataka mdomo, na wote wawili walijua. Fundi, kwa kutaka kusikia, alikuwa amezima mashine, na katika ukimya ule Thobias akaanza: mmoja, wawili, watatu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida mpaka watano, kisha ikaanza kukauka. Alipofika tisa ilikuwa ya mtu aliyemeza vumbi. Ilikuwa zamu yake kuhesabiwa, na kalamu aliishika mwenyewe.

Emilia aliweka ndoo yake chini.

"Bwana Thobias," akasema taratibu, "mimi nilisaini kwamba huna hata kuku."

Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na wanawake kwenye foleni ile ambao waume zao walipunguzwa kweli, wakaenda ofisini na fomu zao wakaambiwa subirini. Walitazama ng'ombe, wakatazama mashine iliyozimwa, kisha wakamtazama Thobias, na hayo yalitosha.

"Mmoja ni haki yangu ya miaka sita," Gerson akasema. "Namchukua yule mwekundu mwenye baka."

Alimchagua mtamba wa kati. Wapo waliokuwa wakubwa zaidi, na Thobias asingethubutu kumkatalia siku ile, lakini haki ni mtamba mmoja wa kiasi, na Gerson hakutaka baka lolote zaidi ya lile la ngozi. Akamfunga kamba. Alipopita karibu na Thobias alisimama, kwa ajili ya jando, na akampa mkono. Thobias aliupokea bila kuinua uso. Nadhani huo ndio mkono wao wa mwisho.

 

Jumatatu Gerson, Ruthu na Erica walikwenda ofisi ya kijiji. Habari zilikuwa zimewatangulia, kama ilivyo desturi ya habari. Wazee wanne walikuwa kwenye benchi, na mzee Yotham akainuka kuagiza kiti kiletwe. Gerson akamzuia kwa upole, akawaomba wenzake wasogee, akajibana katikati yao.

Castory alikuwa na fomu mpya. Ile ya kwanza alikuwa ameichana. Alianza kuomba radhi kwa ile siku ya zizini, kwamba sasa ameelezwa na wazee na anajua alifanya kosa. Gerson alimwambia asijali, kwani kama si kalamu yake angekuwa bado amelala. Castory akafika kwenye kisanduku cha mifugo, akainama, akashusha sauti.

"Mzee, huyu mtamba amekuja juzi tu. Nikiandika wawili hakuna atakayeuliza. Watatu ni karibu na wanne, na kule mjini mtu anaweza kutafuta sababu. Fomu zinafungwa leo saa tisa."

Lilikuwa pendekezo la mtu mwema. Ruthu mwenyewe aliinua macho, kwa sababu aliyesimama kwenye mlango wa ofisi ile alikuwa binti yake, na kati ya wawili na watatu kulikuwa na miaka minne.

"Nimekaa miaka sita naitwa mwenye kumi na mmoja," Gerson akasema. "Sasa unataka niitwe mwenye wawili. Andika watatu."

Castory akaandika. Akagonga muhuri, akasema atapeleka mwenyewe kwa baiskeli, na atakaa pale mpaka wapokee mbele ya macho yake. Alikwenda, walipokea, na Erica aliripoti shule wiki ile akiwa na ndoo, jembe, na godoro lililonunuliwa kwa karanga za mama yake. Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwanza Gerson alinyoosha mkono akaomba karatasi. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida, akampa binti yake.

Erica aliishika kwa mikono miwili na kuisoma kwa sauti yake ya chini, ambayo benchi lote lililazimika kuinamia.

"Gerson, mkulima wa Mkonze. Ana ng'ombe watatu, mali yake mwenyewe."

Gerson alikuwa amekaa katikati ya wenzake, magoti yamebanana, mgongo umenyooka kuliko ulivyowahi kunyooka kwenye kiti.

"Soma tena," akasema.